Foni ya Banza na Chumvi ya Kisale

Mama Ngoie tulimzika mwezi uliopita, na kwenye kilio wakanikalisha kwenye mkeka wa wakwe zake, kati ya wanawake walioolewa na watoto wake. Mimi hakuna mtoto wake aliyenioa. Wageni waliotoka mbali waliulizana kwa sauti ya chini mimi ni mke wa nani, na wenye kujua wakawajibu, kwa sauti ya chini vilevile, kwamba mimi ni wa Banza, yule aliyekufa ziwani. Nikainamisha kichwa kama mjane, nikala bukari, ugali wa msiba, kama mjane, na miguu ikanifia ganzi kama ya mjane, maana nilikuwa na haya kuinuka kabla ya wenye haki. Ndipo ulipoanza kunirudia mwaka ule mmoja. Habari za ukoo wangu nitaziruka: ni ndefu, na aliyezijua vizuri alikuwa akizisimulia vibaya. Mwaka ule unatosha.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine wakisema hivyo wanataka kusema wanapenda utulivu. Mimi nataka kusema kwamba nimefika stesheni ya Kamina mara nyingi, nimesindikiza watu na mizigo, nimepunga mkono mpaka bega likauma, na sijawahi kupanda treni. Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na diplome ya sekondari, sehemu ya umeme, tulikokuwa wasichana wawili darasani. Mwenzangu aliolewa. Mimi nikabaki kwa shangazi yangu, tantine Marta, na kwa bahati kazi yenyewe ikanifuata nyumbani: mfanyabiashara mmoja wa mahindi alikodi chumba cha mbele akaweka foni, yaani ile redio ya kuongea na watu wa mbali. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika upande wa mto. Aliyetaka kuongea na ndugu yake wa Bukama au wa vijiji vya Ziwa Kisale alikuja kukaa kwenye benchi letu akasubiri saa nne asubuhi au saa kumi jioni, zile saa ambazo foni zote za upande ule zilikuwa zinawashwa.

Chumba kile nakiona hata sasa. Meza moja, kitambaa cha kufuma juu yake kwa sababu tantine hakuvumilia meza uchi, foni juu ya kitambaa, batri mbili za gari chini juu ya ubao, waya wa antene ukitoka dirishani kwenda kwenye mti mrefu tuliousimika uani. Spika ilikuwa kali, haikujua siri. Mwalimu mmoja wa Kimetodisti, mtu wa tai na mwavuli, alikuja pale kumweleza kaka yake kwamba mbuzi wa mahari amezaa njiani na upande wa mke unawadai na watoto, na benchi zima likatoa maoni. Nyuma ya pazia tantine alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mambo yakinoga, mchi ulisimama. Nilipoacha kusikia mchi nilijua kuna ndoa inavunjika.

Banza aliingia siku ya kiangazi, ametoka kwenye treni ya Bukama na kitu amekifunga ndani ya koti lake kama mtoto mchanga, yeye mwenyewe amebaki na singleti.

"Tantine, njo hapa kwa muntu anatengenezaka foni?"

"Njo hapa, ndipo," tantine akasema kutoka nyuma ya pazia. "Ule mwanamuke unaona ku meza, njo yeye."

"Huyu?"

"Ulitaka mwenye ndevu?"

Alicheka, akafungua koti. Foni yake ilikuwa imekufa kabisa. Nilipotoa bisi, yaani skrubu, na kuinua kifuniko, ndani kulikuwa kijani kama lenga-lenga, mchicha wetu. Shaba yote ilikuwa imeota kutu ile ya kijani, waya mmoja ulikatika kwa kuguswa tu, na harufu iliyotoka ilimfanya tantine afungue pazia.

"Muko munabebaka nini mu ile baleinyere yenu?" nikamuuliza. Baleinyere ni yale maboti marefu ya mbao yenye injini.

"Tukishuka, magunia ya chumvi. Tukipanda, samaki ya chumvi."

"Na foni inakaa wapi?"

"Kati."

"Basi haikukufa. Muliipika."

Watu husema hewa ya chumvi ni ya baharini, na sisi hapa bahari tunaijua kwa ramani ya shule. Lakini lile boti lilikuwa na bahari yake. Magunia ya chumvi yalitoka jasho usiku na mchana, vitunga vya samaki vilichuruzika, ukungu wa asubuhi ulipita juu ya vyote viwili kabla ya kuingia kwenye vitundu vya foni. Unyevu peke yake ni mbaya. Ukiwa na chumvi unakuwa na meno. Nilimweleza hayo Banza kwa sauti ya mtu mwenye diplome, naye akasikiliza akiwa amekaa sakafuni, akila bukari la tantine na mkono mmoja na kunishikia taa na mkono wa pili. Nilisugua kwa mswaki na alkoli siku mbili. Nikabadilisha waya. Halafu, kwa sababu verni, ile rangi ya kukinga waya, haikupatikana Kamina, nikachukua chupa yangu ya rangi ya kucha, nyekundu, zawadi ya Noeli, nikapaka kila kiungo nilichochomelea. Nikapaka grese kwenye vichwa vya batri. Nikamtengenezea kisanduku cha mbao, kifuniko chake kina mpira uliokatwa kwenye tairi la ndani la baiskeli, mishono nikaiziba kwa nta ya mshumaa. Banza alitazama foni yake, akatazama vidole vyangu.

"Foni yangu iko na kucha muzuri kupita zako."

"Yako iko inatembea. Zangu zinakaa ku nyumba, nani ataziona?"

"Weye hautokaka?"

"Natokaka. Jana nilifika ku mulango."

Jina langu ni Juliana, lakini tangu siku ile akaniita Madame Kiti. Aliniita hivyo hewani, saa nne na saa kumi, mbele ya foni zote za mto, mpaka watu nisiowajua wa vijiji nisivyovijua walianza kunisalimia kwa jina hilo. Alikuwa na sauti ya mtu anayetabasamu. Aliuliza tumepika nini. Nikimwambia maharagi, alisema nimpitishie kidogo kwenye antene. Mama yake, Mama Ngoie, alikuwa anauza samaki wa chumvi sokoni Kamina; kila Jumatano alishukia kwetu kutoka stesheni, kitunga kichwani, kitunga ambacho Banza alikituma kwa treni, na kabla ya kwenda sokoni alikaa kwenye benchi kusikia sauti ya mtoto wake. Hakuwahi kushika mikro, kile chombo cha kusemea. Alisema akiongea na chuma atasahau maneno. Alinipa mimi niseme: "Mwambie kitunga kimefika. Mwambie avae koti asubuhi." Mwezi wa tano wa safari zetu hizo za maneno, Banza alisema hewani kwamba mvua zikiisha atakuja Kamina na wajomba zake kuniposa kwa tantine. Mchi ulisimama. Benchi likapiga makofi. Mimi, kwa ujinga wa furaha, nikajibu: "Tumekupata vizuri, à vous," neno letu la kumpa mwenzako zamu ya kusema, kama alikuwa ameagiza spea.

Foni ile haikuwa ya utani tu. Mwanzo wa mvua mama mmoja alishikwa na uchungu ndani ya boti, mtoto amekaa vibaya. Banza akaita, zahanati ya ziwani ikatuma mtumbwi wa mota, mama na mtoto wakapona. Nilisikia yote kwa spika, nimeshika kitambaa cha meza kwa vidole kumi. Ziwa lile lina majani yanayoelea, visiwa vizima vya majani, upepo ukigeuka vinafunga njia na boti linaweza kukaa siku nne likisubiri vifunguke. Asiye na foni hukaa humo na shida yake.

Mvua zilipokolea, sauti yake ilianza kukwaruza.

"Kamina, Kamina. Madame Kiti, foni inaanza tena kukohoa. Kuya ku Bukama. Tunafika kule Ijumaa, tunakaa siku tatu. Uifungue na mikono yako, uone vile inakaa mu boti. Minyi mwenyewe nitakupokea ku stesheni. À vous."

Hapa ndipo ningependa kuwa mtu mwingine. Tantine alinipa ruhusa. Begi lilikuwepo. Njia ni moja, reli inajua kwenda. Nilisema treni ya juma lile ilichelewa siku mbili. Nilisema silali kwenye treni. Nilisema nani atakaa na foni ya Kamina. Nilisema nitakuja Pasaka. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa na adabu, lakini ukweli ni kwamba niliogopa kulala mahali nisipojua mlango uko upande gani, na nikaona haya kusema.

"Basi niambie nifanye nini," akasema. "Ile mupira yako inafunga muzuri, lakini nikifungua kuongea, maji inaingia ndani na inabakia. Asubuhi kifuniko kinatoka jasho. À vous."

Nikageuza kichwa. Kwenye kona ya chumba kulikuwa na debe la tantine la maharagi, yamefukiwa kwenye majivu tangu mavuno, makavu kama siku yalipoingia. Nikajiona nina akili.

"Banza, sikiliza. Tantine anachungaka maharagi mu majivu, hayaozi. Chukua majivu mukavu, chekecha, weka mu kitambaa, funga, ingiza mu kisanduku pembeni ya foni. Itakunywa maji yote. À vous."

"Majivu ya nini? À vous."

"Majivu iko majivu, Banza. À vous."

Benchi lilicheka. Na mimi nilicheka.

Siku tano foni yake ilisikika vizuri kuliko kawaida. Alinishukuru hewani, "Wafwako, Madame Kiti", akasema nikikosa kazi ya umeme nitafungua duka la majivu. Siku ya sita sauti ilikuwa nyembamba. Aliniambia kichwa kinamuuma na wanaingia ziwani. Siku ya saba saa nne nikaita, hakujibu.

Mwanzoni tulimfanyia mzaha. Mama Ngoie alikuwa amekuja, ilikuwa Jumatano yake, na kitunga hakikufika na treni.

"Huyu mutoto analalaka sana," akasema. "Tangu mudogo. Ukimwamsha anakuambia ndoto yake kwanza."

"Saa kumi tutamushika," tantine akasema.

Saa kumi nikaita. Hapana. Mama Ngoie akalala kwetu. Asubuhi alikuwa kwenye benchi kabla yangu, amefunga kitambaa cha kichwa vizuri kama mtu anayetazamwa. Nikaita. Bukama ikajibu kwamba hata wao hawampati. Kijiji cha Sanga kikajibu kwamba majani yamefunga njia na boti haijaonekana. Siku ya tatu watu wa benchi hawakuwa na shida zao tena. Walikuja, wakasalimia, wakakaa. Tantine alipika sombe nzuri, ikapoa. Mama Ngoie alikuwa anamenya karanga, anaziweka kwenye bakuli bila kula hata moja.

"Ita tena, mwana," akaniambia.

"Mama, saa haijafika. Yeye hawashi sasa."

"Ita tena."

Nikaita foni isiyowashwa. Niliita kutwa nzima mpaka batri ya kwanza ikaisha nikafunga ya pili, na nilipokuwa nafunga ya pili nilikuwa bado nina matumaini ya aina ya kijinga, kwamba atatokea akasema, Madame Kiti, leo umetoka nyumbani kwa sauti.

Siku ya sita Bukama ilituita yenyewe. Alikuwa Kapita Monga, mwenye kuongoza lile boti, na kabla ya salamu aliuliza kama mama yake Banza yuko pale. Nilitafuta mahali pa kushusha sauti ya spika, lakini chumba kilikuwa kidogo na Mama Ngoie alikuwa ameshasikia akiulizwa. Kapita akasema homa ilimshika Banza siku ile ile walipofungwa kwenye majani. Foni iligoma. Banza mwenyewe aliifungua, akaisugua, akaijaribu siku mbili akiwa anatetemeka, mpaka hakuweza kushika bisi. Walipofunguliwa njia walimpeleka zahanati kwa boti lile lile zito. Akafia njiani, zahanati inaonekana kwa macho.

Mama Ngoie alisimama. Akajifunga kitenge upya, pole pole, kama anayejiandaa kwenda kanisani.

"Muulize kama alikula," akasema.

Nikabonyeza mikro. "Kapita, mama anauliza kama alikula. À vous."

"Alikunywa uji. Jumanne. Kidogo. À vous."

"Jumanne," akasema Mama Ngoie, akakaa chini. Mchi ulianguka nyuma ya pazia, na kilio cha kwanza kilikuwa cha tantine.

Walimzika Bukama. Mama Ngoie alikwenda na treni, tantine alikwenda naye, na mimi nilibaki. Nilisema foni haiwezi kubaki peke yake. Hakuna aliyenibishia, na hicho ndicho kilichonichoma.

Juma la tatu Kapita Monga alifika Kamina na kile kisanduku mkononi, kwa sababu mwenye boti alitaka foni itengenezwe. Akakiweka juu ya kitambaa cha kufuma. Nikafungua kifuniko, mpira bado unashika vizuri, kazi yangu safi. Ndani, kile kitambaa cha majivu kilikuwa kimelowa chapachapa. Kilikuwa kizito kama ini. Maji yake yalikuwa yametiririka kupita chini ya foni, yakapanda, yakala kila kitu, hata mahali ambapo rangi nyekundu ya kucha ilikuwa bado inang'aa, chini yake shaba ilikuwa imeisha. Foni ya kwanza, ile ya kijani, ilikuwa mgonjwa. Hii ilikuwa mifupa.

"Majivu aliitosha wapi?" nikamuuliza Kapita.

"Ku ziwa. Bamama banachomaka majani ya mu maji, ile inaotaka mu matope. Inatokaka majivu mweupe, laini sawa unga. Alisema, Juliana anataka safi, nitamuwekea ya safi."

Nikagusa kitambaa kwa kidole, nikaweka kidole kwenye ulimi. Ilikuwa chumvi. Bibi zetu walipika na chumvi ile miaka yote kabla ya magunia kuletwa na treni: unachoma majani ya matope, unachuja majivu yake, unachemsha, unapata chumvi. Nilisoma hayo shuleni. Niliyaandika kwenye daftari kwa wino wa bluu, mwalimu akanipa alama. Maharagi ya tantine yalikaa makavu kwa sababu yalikuwa makavu, kwenye majivu ya kuni za mlimani, kwenye nyumba kavu. Ziwani, majivu yale yalikunywa maji ya hewani kama nilivyoahidi, halafu yakayatapika chumvi tupu juu ya foni, ndani ya kisanduku nilichokiziba mwenyewe ili kitu kisitoke. Kama ningekuwa nimekaa Bukama siku moja, ningewaona wale mama na moto wao. Mtu yeyote wa kule angenicheka.

Kapita alikwenda zake. Mchana ule ule Mama Ngoie akaja. Alikuwa amesikia kwamba kisanduku kimefika. Kitambaa nilikuwa nimekitupa chooni, na mikono nimeinawa. Alikaa kwenye benchi, akatazama vile vyuma kwa muda mrefu.

"Umefungua. Umeona nini?"

Nilikuwa peke yangu Kamina nzima mwenye kujua kusoma kile kisanduku. Angeniamini chochote.

"Chumvi, mama," nikasema. Huo haukuwa uongo. Halafu nikaongeza: "Chumvi ya samaki."

"Samaki ya nani?"

"Ya bote. Ile yote boti ilibeba."

"Na yangu."

Nikasema, "Na yako, mama."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa barua aliyokuwa anaingoja. "Ile safari minyi njo nilimwambia, kupitia weye, aongeze kitunga cha pili. Alisema hapana nafasi. Nikamwambia, weka pale pembeni ya foni, iko nafasi."

Hapo ndipo pa kusema. Nimepima mahali pale mara nyingi tangu siku ile, nami najua upana wake: neno moja lilitosha, majivu. Mdomo ulifunguka. Nikamuuliza kama amekula.

Jumatano iliyofuata alikuwa sokoni, mahali pake pale pale, na mbele yake unga wa muhogo. Samaki hakuuza tena. Wenzake walidhani ni mwiko wa msiba, wakangoja mwaka uishe. Mwaka uliisha, na mingine ikaisha, simu zikafika mpaka ziwani, foni zikawa vyuma vya kuku kutagia mayai, tantine akafa, na Mama Ngoie aliendelea kuuza unga, na akipewa samaki kwenye sahani alimsogeza pembeni bila kelele. Aliniita mkwe. Kila Jumapili baada ya misa alikuja kula kwangu, kwa sababu mimi, kama inavyojulikana, sitoki. Nilimpikia lenga-lenga. Alinisifu kwa watu kwamba hakuna mwingine aliyempenda mtoto wake hivyo, kukaa bila mume muda wote huu, na watu wakaniheshimu, na mimi nikaipokea heshima hiyo pamoja na chakula. Nilijiambia nitamweleza akipata nguvu. Baadaye nikajiambia amezeeka, nitamuumiza bure.

Siku tatu kabla hajafa nilikwenda kumwona. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, dirisha wazi, watoto wa jirani wanapiga kelele uani, na yeye akawaacha, alipenda kelele zao. Alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi na mkavu.

"Juliana," akasema, "nikimukuta Banza, kitu cha kwanza nitamuomba musamaha juu ya kile kitunga."

Nikavuta shuka mpaka kwenye mabega yake, nikaikunja vizuri chini ya kidevu, nikamwambia, "Lala kwanza, mama."